Neno la Mtu Mwenye Mguu Mzima

Katika Hospitali ya Nguzo Mia walimwita Perusi Chilongani "Kiguu na Njia", na si kwa kumsifu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya uuguzi, na hakuna aliyekumbuka kumwona amekaa kitini akamaliza kikombe cha chai. Alikunywa akitembea, akaandika akitembea, na ukitaka kumsengenya ilibidi utembee naye. Mashine iitwayo Mwamuzi ilipoletwa, wauguzi wengi walishukuru wakapumzisha miguu. Yeye alizidisha mwendo.

Asubuhi ile alikuwa anazunguka kitanda cha chumba namba tisa, na mgonjwa alikuwa anamfuata kwa macho.

"Mbona unanizunguka kama tai? Umeona mzoga?"

"Nimeona Mnyamwezi," Perusi akajibu. "Hampishani sana na mzoga."

Mgonjwa akacheka, kisha akakunja uso, maana kicheko kilimshukia mpaka kwenye paja. Jina lake lilikuwa Luhende Maganga, fundi wa mapangaboi, zile nguzo za kuvunia upepo zilizoupa mji jina. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameanguka mita kumi na moja kutoka kwenye nguzo ya sitini na nne, na mfupa wa paja ukakatika sehemu tatu. Dada yake mkubwa, Nyanzobe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa pembeni amejifunga kanga mbili.

Luhende alipogundua kwamba muuguzi wake ni Mgogo, alipata nguvu ambazo dripu haikumpa. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na asiyejua utani asiuchezee. Mtani ataingia jikoni kwako afunue sufuria, atakutukana msibani maiti ikiwa ndani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima atakuaibisha mji mzima, na mji utamshangilia yeye.

"Muuguzi Chilongani," Mwamuzi akasema kutoka darini, kwa sauti yake isiyo ya kijana wala ya mzee. "Ufumaji wa kwanza wa mfupa ni saa nne. Mgonjwa ana kijiti. Naomba uamuzi."

Kijiti kilikuwa chini ya ngozi ya mkono wa kushoto wa Luhende, kirefu kama njiti ya kiberiti, na kwa miaka kumi na minne kilikuwa kinadondosha dawa ya akili ndani ya damu yake, tone kwa tone. Kabla ya kijiti alikuwa anasikia watu wasiokuwepo. Baada ya kijiti akasomea ufundi, akaoa, akapata binti, akapanda nguzo.

Tatizo lilikuwa tulizo. Dawa za maumivu zilikuwa zimebadilishwa majina mara nyingi, lakini ile yenye nguvu kuliko zote bado ilikuwa ya ukoo wa afyuni, na afyuni haijaacha tabia yake: inaondoa maumivu na pumzi inaiambia ipunguze mwendo. Dawa ya kijiti nayo inausinzisha mwili na kuyayumbisha mapigo ya moyo. Kila moja peke yake inavumilika. Ziweke pamoja kwa kipimo kamili, na mtu anaweza kulala akasahau kupumua. Ndiyo maana Mwamuzi aliletwa, kupima dawa dhidi ya dawa bila uchovu na bila huruma.

"Nina njia mbili," Mwamuzi akaendelea. "Kijiti kilazwe kisidondoshe dawa, nitoe tulizo lote. Au kijiti kiachwe, nitoe robo."

"Robo!" Nyanzobe akasema. "Kwa mguu ule?"

"Si mumpige usingizi tu, asijue lolote?" Nyanzobe akaongeza.

"Haiwezekani, dada," Perusi akamwambia. "Wafumaji wanafuata mishipa ya fahamu iliyo macho. Ukiilaza au ukiitia ganzi, wanapotea njia. Wanafuma mfupa usipotakiwa."

Wafumaji walikuwa vumbi la kijivu kwenye chupa, mashine ndogo kuliko chembe ya unga. Walimiminwa kwa mrija mpaka kwenye mfupa, wakafuma mfupa mpya kwa dakika arobaini, siku tatu mfululizo. Mtu aliyefumwa anatembea baada ya wiki mbili. Zamani ingekuwa miezi sita na vyuma kumi.

"Kijiti hakilazwi," Luhende akasema, na utani ukamtoka usoni. "Kikilazwa kinachukua wiki tatu kuamka. Na kwa mtu mmoja katika kumi hakiamki tena. Nimekaa miaka kumi na minne na kichwa cha mtu mmoja. Sirudi kwenye kichwa cha watu wanne."

"Basi acha neno," Mwamuzi akasema. "Na mtaje mtunza neno. Asiwe ndugu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mwenye kijiti aliweza kusema mapema anachotaka, na neno lake likashikwa na mtu baki, kwa sababu ndugu wana huruma mbaya. Kidole cha mtunza neno ndicho pekee kilichoweza kukilaza kijiti.

Luhende akatazama huku na huku, kana kwamba chumba kina watu wa kuchagua. Kisha akanyoosha kidole.

"Huyu hapa. Mgogo wangu. Namdai tangu babu zake walipokula mbuzi wa babu zangu njiani."

Hapo ndipo Perusi alipokosea, na kosa lake lisingeweza kufanywa na mtu asiye na watani. Mkono unaotoa dawa haufai kuwa mkono unaoshika neno, na kila muuguzi anafundishwa hivyo. Lakini sheria haikukataza, maana aliyeitunga hakuwahi kudaiwa mbuzi wa babu yake mbele ya watu. Perusi akaona akikataa atachekwa, akacheka yeye kwanza, akaweka kidole kwenye kibao cha Mwamuzi.

"Mimi Luhende Maganga," mgonjwa akasema, polepole, ili Mwamuzi anakili, "nikiwa na akili zangu, nasema kijiti changu kisilazwe. Nikilia, asinisikilize. Nikimwomba, asinisikilize. Nikimtukania mama yake, ndiyo kabisa."

"Limenakiliwa," Mwamuzi akasema.

*

Dakika tisa za kwanza za ufumaji Luhende alizimaliza kwa kutaja majina ya vijiji vya Tabora. Ya kumi hakuimaliza.

Perusi alikuwa amesikia vilio vya kila aina. Kuna kilio kinachomwita mtu, na kuna kilio kisichomwita yeyote, kinachotoka tu. Hiki kilikuwa cha pili. Akawa anatembea, dirishani mpaka mlangoni, hatua sita kwenda, sita kurudi, akitazama skrini: pumzi kumi na nane kwa dakika, mapigo mia na thelathini.

"Laza!" Luhende akapiga kelele. "Laza kijiti! Nimekubali!"

Hatua sita. Alikuwa ameambiwa asisikilize.

"Nesi, umesikia amekubali," Nyanzobe akasema. Akapiga magoti kwenye sakafu, mwanamke mzito wa miaka hamsini na mitano, kanga ikamdondoka. "Mama, nakuomba. Nakushika miguu. Huyu nimembeba mgongoni."

"Inuka, dada. Usinifanyie hivyo."

"Laza, mwanaharamu wewe!" Luhende akalia kwa mara ya pili, na kweli akamtukania mama yake, tusi ambalo halikuwa na utani ndani yake hata kidogo. Perusi hakutikisika. Tusi lilimsaidia, kusema kweli. Lilimpa kitu cha kukasirikia.

Mara ya tatu hakupiga kelele. Aligeuza kichwa, macho yamejaa maji, akasema kwa sauti ndogo, "Perusi. Tafadhali."

Tangu aletwe pale alikuwa amemwita Mgogo. Hakuwahi kumwita kwa jina. Perusi alijua papo hapo kwamba hawezi kuzunguka chumba kile dakika nyingine ishirini na tisa. Neno alikuwa amelilinda. Mtu je?

Akafungua droo. Sheria ilimpa kila muuguzi ruhusa moja ya mkono kwa zamu: kichupa kimoja cha tulizo, kwa hiari yake, nje ya hesabu ya Mwamuzi.

"Sishauri," Mwamuzi akasema. "Kwa kijiti kilicho macho, kipimo hicho kitaishusha pumzi chini ya nane."

"Nimesikia."

"Itakuwa kwa jina lako."

"Nimesikia, wewe!"

Akadunga. Dakika ya tatu taya la Luhende likalegea. Ya nne akaacha kushika vyuma vya kitanda. Nyanzobe akaanza kumshukuru Mungu kwa Kinyamwezi, na Perusi akaona skrini inasoma kumi na mbili. Kumi. Saba.

Ilikuwepo dawa ya kuzindua. Perusi alikuwa nayo mfukoni. Lakini dawa ya kuzindua haichagui: inaifukuza afyuni yote kwa mkupuo, na wafumaji walikuwa bado wana dakika ishirini na nne ndani ya mfupa. Ingekuwa kumtoa mtu kwenye moto, kumpumzisha kidogo, kisha kumrudisha. Na alijua jambo moja ambalo wauguzi wa zamani walifundishwa kabla ya mashine: afyuni inamshinda aliyelala. Mtu akiwa macho pumzi yake ina mwenyewe.

Basi akakaa. Akapanda kitandani kando ya mgonjwa, akaweka kiganja kifuani pake, na kifua kilipochelewa kuinuka akamwinamia sikioni.

"We Luhende! Ni kweli mama zenu huwafundisha kubeba mizigo kabla ya kutambaa?"

Kimya. Kisha kifua kikainuka.

"...Mzigo... ulikuwa babu yako," Luhende akanong'ona. "Alichoka kutembea."

"Babu yangu alikuwa na ng'ombe mia mbili!"

"Wa kuazima."

Saba. Nane. Tena akazama, tena Perusi akamwinamia. Akamtukania michembe, vile viazi vyao vilivyokaushwa, na asali, akamtukania chifu wao, akasema Mnyamwezi akiona mlima anauliza una kilo ngapi. Kila tusi lilihitaji jibu, na kila jibu lilihitaji pumzi. Luhende alijibu akiwa amefumba macho, maneno mawili, matatu, kwa ukaidi tu, maana Mnyamwezi hawezi kufa akiwa anadaiwa jibu na Mgogo. Perusi alipoishiwa, Nyanzobe akaelewa kinachofanyika, akajifuta machozi, akaanza kumtukana Perusi kwa niaba ya ukoo mzima.

"Wala mlenda nyie! Mwambie, Luhende! Mwambie chakula chao kinakimbia mkononi!"

"Kina... kimbia," Luhende akasema, akavuta pumzi ndefu.

Wakaendelea hivyo mpaka wafumaji walipozimwa. Pumzi ilikuwa kumi na moja. Perusi alishuka kitandani.

"Ruhusa yako ya mkono imefungwa kwa siku saba," Mwamuzi akasema. "Nimefunga pia ya wauguzi wote kwa mgonjwa huyu. Pumzi ilifika tano mara mbili. Hukuiona, kwa sababu ulikuwa unamtazama yeye."

Perusi akageukia skrini. Tano hakuiona kweli.

*

Kesho yake aliupita mlango wa chumba namba tisa mara mbili kabla ya kuingia. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba amelinda neno la mtu, na kila alipojiambia hivyo alikumbuka kichupa. Hakulilinda, hakulivunja. Alikuwa ameligawa katikati na nusura amuue mwenye nalo. Alimkasirikia Luhende kwa kumtaja, akajikasirikia yeye kwa kucheka.

Saa mbili na nusu. Luhende alikuwa macho, uso umemnywea. Nyanzobe alikuwa ndiyo kwanza anaweka chupa ya uji juu ya meza.

"Mbukwenyi," Perusi akasalimu kwa Kigogo.

"Kaa," Luhende akasema.

"Nipo sawa nikisimama."

"Kaa, Perusi."

Akakaa.

"Jana nilikuomba?"

Angeweza kudanganya. Dawa ile inafuta mengi, na mtani anaruhusiwa uongo. "Uliniomba."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukaniacha."

"Ulisema nisikusikilize."

Luhende akatazama dari. "Nilisema, ndiyo. Nimelala nikimfikiria aliyesema. Alikuwa mtu wa namna gani yule? Alikuwa hajawahi kufumwa mfupa. Alikuwa mtu mwenye mguu mzima kichwani mwake, bado hajui. Akakaa akanipangia mimi, mtu asiyenijua, akasema nikilia nisisikilizwe." Akageuka. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Perusi. Leo ni mara ya pili. Kesho ya tatu. Na kile kichupa hakipo tena."

"Hakipo."

"Basi nabadili neno. Kilazwe."

"Hapana!" Nyanzobe akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Dada, jana ulipiga magoti."

"Jana nilikuwa nasikia kilio. Leo nakumbuka. Wewe hukumbuki, ulikuwa hupo. Mimi nilikuwepo. Ulichimbua sakafu ya nyumba ya mama ukitafuta waya. Ulitembea siku nane pekupeku. Na ulikataa chakula changu, Luhende. Mwaka mzima. Ulisema nimetia sumu. Mimi! Ulikuwa unakula kwa jirani na mimi nakuangalia dirishani. Mguu utapona. Dakika arobaini zina mwisho. Kijiti kisipoamka je? Binti yako Milembe ana miaka sita, hajawahi kukuona hivyo."

"Najua."

"Hujui!"

"Mwamuzi," Perusi akasema, na sauti yake ikamshangaza kwa udogo, "neno linabadilishwaje?"

"Na mwenyewe, akiwa na akili zake, hana maumivu makali, wala hayuko chini ya tulizo," Mwamuzi akasema. "Mgonjwa ana maumivu makali na yuko chini ya tulizo. Masharti hayajatimia. Hayatatimia kabla ya ufumaji wa tatu. Uamuzi ni wa mtunza neno."

"Na wewe unapima vipi?"

"Sina mizani ya jambo hili."

Perusi alitaka kusimama. Miguu ilimwasha. Laiti angezunguka kitanda mara tatu labda jibu lingejitokeza lenyewe, lakini alijikaza akabaki pale, kwa sababu alihofu kwamba akianza kutembea atakuwa anakimbia. Akamtazama yule mtu. Mtu wa jana asubuhi alikuwa anacheka. Huyu hakucheka, ila macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa anajua siku, anajua saa, anajua jina la binti yake. Kama huyu hana akili zake kwa sababu anaumwa, basi ni nani mwenye akili zake katika hospitali nzima?

"Niambie utakachopoteza," akasema. "Sitaki kusikia kuhusu mguu. Niambie kingine."

"Watarudi," Luhende akasema. "Watatu. Mmoja ananiita kwa jina la utotoni, huyo ndiye mbaya, maana ni mpole. Mke wangu ampeleke Milembe kwa bibi yake wiki hizo. Kama kijiti hakitaamka... Kama hakitaamka nitakuwa nimekosea. Lakini nitakuwa nimekosea mimi mwenyewe. Jana nililia mpaka nikakutukania mzazi, na wewe ukabaki na neno la mtu ambaye hakuwepo tena."

Perusi akavuta kibao mapajani. Nyanzobe akageukia ukutani.

"Ngoja," Luhende akasema. "Kinachukua saa ngapi kulala?"

"Saa moja. Inatakiwa sasa, kama ni ya saa nne."

"Kabla hujaweka kidole, andika. Una kalamu? Usimpe Mwamuzi anakili. Karatasi, nitakayoiona kwa macho."

Perusi akatoa karatasi ya kuandikia joto la mwili, akaigeuza upande mweupe.

"Andika niliteleza. Kiatu kilikuwa na grisi, na mkanda nilikuwa nimeufungua mapema kwa haraka ya kushuka. Hakuna aliyenisukuma. Shija, mwenzangu wa zamu, alikuwa chini kabisa, ananionyesha mgongo."

"Kwa nini hayo?"

"Kwa sababu kesho kutwa nitasema alinisukuma. Najijua. Nitasema kwa machozi, kwa mpangilio, na mtaniamini." Akangoja kalamu imfikie. "Andika Shija ni rafiki yangu. Andika hakuna waya sakafuni, nyumba yoyote ile."

Akaandika.

"Andika," Luhende akasema, na hapa sauti ikamkatika, akaivuta tena, "chakula cha Nyanzobe hakina sumu. Hakijawahi kuwa nayo."

Perusi akaandika, akamsomea yote tangu mwanzo. Luhende akachukua kalamu akaweka sahihi, na chini yake akaandika jina lake kwa herufi kubwa, kama mtu anayemwandikia mgeni. Kisha akanyoosha mkono kwa dada yake.

"Mimina uji, dada. Mimina haraka."

Nyanzobe akamimina. Luhende akanywa kikombe chote bila kupoza, akaomba cha pili, akakinywa nacho, macho yake yakiwa usoni mwa dada yake mpaka tone la mwisho. Alipomrudishia kikombe, Perusi akaweka kidole.